Sindano Kumi na Mbili za Mama Kola

Alhamisi saa tisa na nusu alasiri, Mama Kola alivua blauzi yake ya kazi, akaikunja kwa mikunjo minne iliyolingana, akaiweka kitini, kisha akalala kifudifudi kwenye kitanda cha Fundi wa Sindano. Uso aliuingiza kwenye tundu la kitanda na kubaki anatazama sakafu. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na mgonjwa mgeni huwa anahesabu nyufa zake. Yeye alikuwa amekwisha kulala pale Alhamisi kumi na moja, nyufa alizijua kama anavyowajua majirani zake.

Fundi alinawa mikono mpaka viwikoni, akapangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti, akaanza kuchoma. Sindano zake zilikuwa nyembamba kama unywele. Moja aliichoma chini ya fuvu, mbili shingoni, nne kuzunguka bapa la bega la kulia, mbili kando ya uti wa mgongo, moja kwenye kiwiko, na mbili za mwisho mkononi, kwenye njia inayoshuka hadi kidole cha pete na kidole cha mwisho. Jumla kumi na mbili.

Zilipokaa sawasawa zikaanza kuinama. Ziliinama taratibu, zote upande mmoja, upande wa dirisha, ambako mtu akivuka barabara mbili na kituo cha mafuta anafika kiwanda cha kufulia nguo.

"Zimeinama?" Mama Kola aliuliza, sauti ikitokea chini ya kitanda.

"Zimeinama."

"Kulekule?"

"Kulekule, dada."

Fundi akamfunika miguu kwa shuka, akatega saa ya dakika ishirini na tano, akaenda kuchemsha maji ya taulo.

Sindano hizo zilikuwa na tabia hiyo kwa miaka yote ambayo Fundi alikuwa ameshika kazi. Zikishaingia mwilini, huinamia kule maumivu yalikoanzia. Za fundi cherehani mmoja ziliinamia cherehani yake. Za mzee mmoja aliyefiwa na mke ziliinamia nyumbani kwake, kwenye upande wa kitanda uliobaki mtupu. Fundi akamwambia ahamie upande huo yeye mwenyewe, na baada ya mwezi shingo ikageuka kama zamani. Mjini walikuwapo wengine waliochoma sindano, na wengine walikuwa na vibao vikubwa na viti vya ngozi, ila sindano zao zilisimama wima kama misumari. Fundi hakuwasema vibaya. Alisema tu kwamba wao walisoma miezi minane, naye alisoma miaka saba, na kwamba miaka miwili ya mwanzo hakuruhusiwa kumgusa binadamu. Alichoma mto wa pamba, asubuhi na jioni, mpaka siku ambayo mto wenyewe ulilala usingizi. Ndipo mwalimu wake akampa mtu.

Kwa hiyo alikuwa na maringo yake, na nani angemnyima? Watu wakimwita daktari aliwasahihisha. "Mimi ni fundi," alisema. "Na sitibu bega. Namtibu mwenye bega."

Na kweli, hakuanza na sindano. Siku ya kwanza Mama Kola alipofika, Fundi alimkalisha saa nzima akimuuliza mambo ambayo hata mumewe hakuwahi kumuuliza. Analala ubavu upi? Mto wake una unene gani? Maji anakunywa saa ngapi? Nani amemuudhi na hajamwambia? Akamfundisha kupandisha vidole ukutani kama buibui, akampa mfuko wa chumvi wa kupasha moto na kuweka begani, akamkataza kubebea mkoba upande wa kulia. Kesho yake akabeba futi ya kupimia, akaenda mwenyewe kiwandani kumwona anavyosimama.

Alichokiona ndicho hiki. Chumba cha pasi kilikuwa na meza kumi na mbili za chuma, zilizonunuliwa kutoka karakana ya mabati iliyofungwa. Zilitengenezwa kwa ajili ya wanaume warefu wa kugonga nyundo. Zilimfikia Mama Kola chini kidogo ya kwapa. Ili pasi iteleze juu yake, ilibidi bega la kulia lipande na kukaa juu tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa, siku sita kwa wiki. Wanawake wa pasi walikuwa kumi na mmoja, na mabega yao ya kulia yote yalikuwa juu kuliko ya kushoto. Mtaani watu waliwatambua kwa hilo hata wakiwa wamevaa za kwenda harusini. Waliwahi kukunja mashuka na kuyakanyaga ili wapate kimo, wakaambiwa mashuka ni ya wateja. Wakaleta kreti za sabuni, likabandikwa tangazo kwamba kreti ni hatari kwa usalama. Wakaomba meza zikatwe miguu, kiganja kimoja na nusu tu, kazi ya asubuhi moja kwa mchomeleaji yeyote. Meneja akasema meza zimeandikwa kwenye daftari la vifaa pamoja na kimo chake, na zikikatwa daftari litakuwa linasema uongo.

Sasa msidhani Mama Kola alikuwa mtu wa kulialia. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama pale na hakuwa na mpinzani. Jina hilo alilipata kwa kola za mashati. Shati liliweza kufika mikononi mwake kama limetafunwa na mbuzi, na likatoka na kola inayoweza kusimama bila shingo. Siri ilikuwa vidoleni. Pasi aliishika kwa vidole vitatu, na viwili vya mwisho aliviacha nje vikifuata nyuma, vikipapasa nguo, vikimwambia hapa pana unyevu, hapa pamekauka, hapa rudia. Wenzake walijaribu kumwiga wakaungua. Yeye hakuwahi kuungua hata mara moja, na alipenda watu walijue hilo.

Vidole hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vinakufa ganzi. Maumivu yalianza shingoni, yakashuka begani, yakapita nyuma ya kiwiko kama waya wa moto, na yalipofika kwenye vidole yaliondoka yakaacha baridi.

"Mshipa wa fahamu bado uko hai," Fundi alimwambia Alhamisi ile alipokuwa akichomoa sindano. "Umebanwa tu. Kila wiki mimi naufungua, kila wiki meza inaubana. Nipe miezi mitatu bila kupandisha bega, vidole vitarudi. Ukiendelea hivi, dada, sikufichi, vitakwenda."

Mama Kola alivaa blauzi yake, akafunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Aliogopa, na hakuona sababu ya kujifanya haogopi. Nguo asizoweza kuzihisi angezinyoosha vipi?

Daktari wa kiwanda alikuwa amekwisha kumwandikia cheti. Kwenye chanzo cha ugonjwa aliandika neno moja, umri. Mama Kola alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikirudisha cheti kwenye dirisha la daktari huyo, akasema kina makosa, akaomba suala lake lipelekwe kwenye kamati ya afya ya wafanyakazi. Kamati haikuwa imekutana miaka minne, lakini ilikuwapo, na mwenyekiti wake alifurahi kukumbukwa.

Walikuja kliniki kwa Fundi Jumanne saa nne asubuhi, mwenyekiti, karani wake na meneja. Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo mwenye faili kifuani, mstaarabu, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama Kola alilala, Fundi akachoma, sindano zikainama. Karani akatoa kipimapembe cha shule, akapima, akaandika: nyuzi thelathini na tano, upande wa dirisha.

"Zimeinama, hilo halina ubishi," mwenyekiti alisema. "Ila upande huo kuna kiwanda, kuna kituo cha mafuta, kuna shule, na kuna nyumba ya wakwe zangu. Siwezi kuandika kiwanda peke yake. Nitakuwa nimekionea."

"Hata mimi sipendi kuonea," alisema Fundi. "Basi tuzifuate."

"Zikiwa mwilini?"

"Zikitoka mwilini ni sindano tu."

Mama Kola akaketi. Fundi akamfunga shuka kifuani, mgongo ukabaki wazi, akamwambia auachie mkono wa kulia ulegee. Mama Kola akashuka kitandani, akavaa viatu, akaangalia kama kamba zimefungwa vizuri, akatoka.

Alitembea katikati ya njia, kichwa juu, sindano kumi na mbili zikimeta mgongoni na mkononi. Fundi alikwenda kando yake na taulo safi. Nyuma walifuata mwenyekiti, karani na meneja, kwa mpangilio huo. Kila barabara ilipopinda, sindano nazo zilipinda kidogo, kisha zikatulia. Magari yalisimama kumpisha. Kwenye kituo cha mafuta zilipita bila kusita, karani akaandika kwamba kituo kimeondolewa. Shuleni vilevile. Kwenye njia panda mwenyekiti alitaka kunyoosha moja kwa moja, na kijana wa kujaza mafuta, aliyekuwa amewafuata tangu kituoni, akamwita kwa nyuma.

"Kushoto, mzee. Zimeshika kushoto."

Kushoto ndiko kulikokuwa na kiwanda, na kwa wakwe zake mwenyekiti ilikuwa kulia. Alishukuru, akafuata. Mama Kola hakugeuka kutazama. Aliijua njia hiyo kwa miaka ishirini na miwili, ila siku zote aliipita akiwa ameinamisha kichwa, akiwahi kengele. Leo aliipita akiongoza watu watatu wenye faili, na moyo wake ulikuwa mweupe. Alitamani mama yake mzazi angekuwapo amwone.

Walipoingia chumba cha pasi, wale wanawake kumi waliinua pasi zao na kuzisimamisha kwa visigino. Mvuke ukaisha. Ndipo wakasimama wima, na mabega yao ya kulia yakashuka taratibu, moja baada ya jingine, kwa mara ya kwanza kabla ya saa tisa. Mmoja, aliyekuwa shoga yake wa miaka mingi, alipangusa macho kwa kitambaa cha mteja, akakirudisha kwenye kikapu cha vichafu.

Mama Kola alipita mbele ya meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sindano zilimvuta. Kwenye meza namba tisa, kona ya kushoto, mahali ambapo rangi ya sakafu ilikuwa imeliwa na soli zake, alisimama. Sindano zote kumi na mbili zililala, zikagusa ngozi, ncha za nyuma zikielekea kwenye chuma. Karani akapiga magoti, akapima kwa rula, akaandika. Meneja mwenyewe aliinama akatazama, akakubali kwamba ni meza namba tisa, na kwamba kimo chake ni kilekile kilichomo daftarini.

"Na sisi?" aliuliza yule shoga. "Na sisi tuchomwe."

"Kamati imeitwa kwa mtu mmoja, mama," mwenyekiti alijibu kwa upole. "Mkiita, tutakuja."

Kisha akafungua faili, akatoa fomu, akampa Fundi kalamu. Fundi aliiweka fomu juu ya meza namba tisa, akavaa miwani. Fomu ilikuwa na nafasi tatu za kujaza. Ya kwanza iliuliza ugonjwa. Akaandika kubanwa kwa misuli na mshipa wa fahamu, wa muda mrefu. Ya pili ilisema, mahali ugonjwa ulipo. Maisha yake yote hakuwahi kuandika mahali ambapo sindano hazikuinamia. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: meza namba tisa, kona ya kushoto. Ya tatu iliuliza muda wa mapumziko. Akaandika miezi mitatu, akatia sahihi, akapuliza wino.

Mwenyekiti akaisoma yote, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kazi safi," alisema, na alimaanisha.

Walirudi kliniki, Fundi akachomoa sindano, akampa Mama Kola maji ya uvuguvugu. Siku hiyo wote wawili walikula kwa hamu.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili, ukabandikwa kwenye mlango wa chumba cha pasi. Kamati ilisema imeridhika pasi na shaka kwamba ugonjwa uko kwenye meza namba tisa. Kwa hiyo meza namba tisa imepewa mapumziko ya miezi mitatu, na haki zake zote zitalindwa. Isiwekewe kitu cha moto. Isiegemewe. Ifunikwe shuka safi, libadilishwe kila Jumatatu. Mfanyakazi, ambaye kamati haikuona ugonjwa mahali pake, ahamie meza namba kumi, iliyokuwa wazi.

Meza namba kumi ilinunuliwa siku moja na namba tisa, kutoka karakana ileile, na kimo chake kilikuwa kilekile. Mama Kola alisoma tangazo mara mbili, akabeba pasi yake, akahama.

Fundi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alifunga kliniki katikati ya siku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda ofisini kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alimpa kiti, akamwonyesha fomu.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Uliandika uongo?"

"Mimi?" alisema Fundi, na shingo ikasimama. "Sijawahi. Ugonjwa upo pale. Lakini anayeumwa ni yule mama."

"Nakuelewa kabisa," mwenyekiti alisema. "Nafasi ya anayeumwa haipo kwenye fomu. Mapumziko tunampa mwenye ugonjwa, ndivyo kanuni inavyotaka, na mwenye ugonjwa umemtaja wewe mwenyewe. Ningependa kukusaidia. Au ubadilishe, uandike ugonjwa uko begani?"

"Nikiandika begani mtasema umri."

"Daktari wa kiwanda ndiye atakayesema."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kalamu ilikuwa mezani mbele yake. Hakuigusa. Aliinuka, akaaga, akarudi kwa miguu, akijiuliza kama ni ufundi wake au ni kiburi chake ndicho kilichomponza mgonjwa wake.

Alhamisi alimweleza Mama Kola kila kitu, tangu kiti mpaka kalamu, huku akichoma. Alitaka kuomba radhi, akachukua sindano inayofuata. Mama Kola alimsikiliza akiwa ametazama nyufa za sakafu.

"Ungebadilisha, nisingerudi hapa," alisema mwishowe. "Nisingelala kwa mtu ambaye sindano zake zinasema hivi na kalamu yake inasema vile. Zimeinama?"

"Zimeinama. Zimehama kidogo, hatua mbili kulia. Zinatazama meza namba kumi."

"Umeona? Hazijakosea hata kwa hatua mbili." Na japo bega lilimuuma kuliko wiki iliyopita, alisema hivyo kama mtu anayemsifia mtoto wake.

Wanawake wengine nao walianza kuja, kwa zamu, Jumanne na Ijumaa. Walilala, sindano ziliinama, wakatoka bega limelegea, kesho yake wakalipandisha. Kamati waliiita mara mbili. Mwenyekiti alijibu barua zote kwa wakati, akieleza kwamba meza zote haziwezi kupumzika kwa pamoja, kazi itasimama, ila zitawekwa kwenye zamu.

Meza namba tisa iliendelea vizuri. Mguu wake mmoja uliokuwa ukicheza tangu inunuliwe ulitulia katika wiki ya nne, na kutu iliyokuwa pembeni ikakauka na kuanguka yenyewe. Karani alikuja kuikagua, akaandika nafuu.

Jumatatu ya wiki ya saba mwenyekiti mwenyewe alikuja kuitembelea, na meneja akataka shuka jipya litandikwe kabla hajafika. Hakumpa mtu mwingine alinyooshe. Alilileta meza namba kumi, bado lina unyevu, akamkabidhi Mama Kola.

Mama Kola akalitandaza. Bega likapanda mahali pake. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa nje ya pasi kama siku zote, vikifuata nyuma, lakini havikumwambia kitu. Siku tatu zilizopita viliungua, na alijua pale tu aliponusa harufu. Kwa hiyo aliiweka pasi kando, akainama, akalaza shavu kwenye shuka, akasikiliza kwa ngozi ya uso wapi pana unyevu na wapi pamekauka. Akainuka, akapiga pasi kidogo, akainama tena. Ilimchukua muda mara tatu ya zamani. Wenzake walimngoja, pasi zao zimesimama. Angeweza kulinyoosha ovyo, na hakuna ambaye angemlaumu, ila kunyoosha ovyo ni kazi ambayo hakuwahi kujifunza. Alipomaliza, shuka lilikuwa limelala juu ya meza ile yenye ugonjwa bila kunjo hata moja, pembe nne zimekaza, limenyooka kama karatasi.

Mwenyekiti alivua viatu mlangoni, akaja, akaisimamia meza kwa muda, mikono nyuma, kama anavyosimama mtu wodini. Meneja alilitazama shuka, akapitisha kiganja juu yake, akamgeukia Mama Kola.

"Mama, hili shuka limenyooshwa vizuri sana."

"Najua," alisema Mama Kola, akavuta kikapu kinachofuata.